Kijana ameshika njia mbaya: soma hili kabla hujampeleka kwa afande

Mwaka mzima ombi ninaloletewa ni lilelile: "Afande, ninyooshee huyu." Nilikuwa mkufunzi wa makuruta kabla ya kustaafu na kuhamia Nkuhungu, hapa Dodoma. Jina la afande halikutoki hata ukivua buti, kwa hiyo wazazi wananifuata dukani, msikitini, hata kwenye foleni ya maji. Mmoja kijana wake kakamatwa na simu ya mtu soko la Majengo. Mwingine wa kwake kachomoa betri ya bodaboda. Wote wanaamini kwamba kwata na kunyolewa upara vitamaliza kazi.

Havimalizi. Ukimpa mwizi kwata peke yake, unapata mwizi anayeamka alfajiri na mwenye pumzi za kukimbia. Lakini zipo tabia za kambini ninazozitumia na vijana wa mtaani kwangu, na zinasaidia zikipangwa vizuri. Naandika kwa ajili ya mzazi, na kwa mstaafu mwenzangu anayetaka kufanya kazi hii kwenye kata yake.

Jambo la kwanza, ondoa JKT kichwani. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya kulea vijana, na tangu 2013 linapokea tena wahitimu wa kidato cha sita kwa mujibu wa sheria. Wanaojitolea huchujwa, na mwenye rekodi ya makosa huwa wa kwanza kuondolewa. Mzazi anayesema "nitampeleka Makutupora akanyooke", yaani kambi ya JKT ya hapa Dodoma, anazungumzia mlango ambao mwanawe hatafunguliwa.

Kama kijana hajafika miaka 18 na kesi ipo, mwenye neno ni mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Sheria hiyo hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Mahakama inaweza kumwachia chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, na wachache hupelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya. Kwa hiyo ofisi yako ya kwanza ni ya ustawi wa jamii. Uliza wazi: je, mwanangu anaweza kubaki nyumbani kwa uangalizi, na nani atakuwa anamwona?

Wamarekani walikwishajaribu hicho unachokiomba. Kuanzia mwaka 1983, majimbo ya Georgia na Oklahoma yalifungua kambi za wahalifu vijana zenye mtindo wa mafunzo ya jeshi: kelele alfajiri, gwaride, pushapu, vitanda vilivyotandikwa kama karatasi. Mtindo ukaenea nchi nzima. Watafiti walipokusanya matokeo ya kambi nyingi pamoja, waliona kwamba waliopita humo walirudia uhalifu kwa kiasi kilekile cha wenzao waliopewa adhabu za kawaida. Uingereza nako, miaka ya 1990, walifungua sehemu mbili za aina hiyo. Ile ya Colchester ilitegemea sana ukali wa kijeshi. Ile ya Thorn Cross iliweka gwaride kidogo, kisha masomo, mafunzo ya kudhibiti hasira na kazi ya nje kabla kijana hajaachiwa. Dalili za nafuu zilionekana Thorn Cross. Mimi sikushangaa. Kuruta anatii kwa sababu kuna mtu amesimama mbele yake na filimbi. Kijana wako akirudi kwenye kona yake pale Chang'ombe, hakuna filimbi, ila wenzake wako palepale.

Sasa mpangilio.

Pata ruhusa kwanza, hata kama ni vijana wanne tu. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa ustawi wa jamii, na polisi wa kata wajue mnakutana wapi, saa ngapi, na nani yupo. Mazoezi ya kijeshi bila kibali ni kosa kisheria, na raia kuvaa sare za jeshi nalo ni kosa. Hivyo usiwavishe mabaka, usiwape bunduki za miti, usiwaite platuni. Unachochukua kutoka kambini ni saa, mstari, usafi na kuitana majina. Mengine yaache hukohuko.

Changanya kundi. Ukipanga mstari wa vijana waliotoka polisi peke yao, umewafungulia darasa: wa simu atajifunza kwa wa betri. Mimi huwaweka wawili watatu katikati ya wachezaji wa timu ya mpira ya mtaa, na simtangazi mtu alichofanya. Wa miaka 13 usimchanganye na wa miaka 19.

Pima afya kabla ya mchakamchaka. Hili sitanii. Mwaka 2006, huko Florida, mtoto wa miaka 14 aitwaye Martin Lee Anderson aliishiwa nguvu akikimbia siku yake ya kwanza kwenye kambi ya aina hiyo. Walinzi wakamshika, wakampiga, wakamziba mdomo huku wakimnusisha amonia. Alikufa kesho yake. Daktari wa kwanza alisema ni chembe za seli mundu, uchunguzi wa pili ukasema alikosa hewa kwa sababu ya waliyomfanyia. Jimbo lilifunga kambi hizo mwaka huohuo. Seli mundu na pumu tunazo tele hapa kwetu, na kuna mkufunzi anayemwona mtoto anahema akadhani ni uvivu. Anayesema amechoka, mkalishe kivulini, mpe maji. Na kijana anayesikia sauti au anayezungumza peke yake baada ya bangi, huyo si wa mstari wako. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko hapahapa mjini, mzazi ampeleke huko.

Saa ni kumi na mbili asubuhi, na wewe unafika kabla yao. Mwezi wa saba upepo wa Dodoma unakata masikio, na hiyo ndiyo asubuhi ambayo hutakiwi kukosa. Ita majina. Asiyekuwepo usimsubiri ili umfokee kesho. Siku hiyohiyo nenda kwao.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapochoka. Ukifika kwao utaona mambo ambayo uwanjani huwezi kuyaona. Kijana mmoja niliyeambiwa ni mkaidi, nilimkuta amelala nje ya chumba kwa sababu ndani kuna wapangaji. Mwingine alikuwa anadaiwa na watu wa kubeti, anaogopa kupita barabarani mchana. Wa tatu alitokea Bahi kumfuata mjomba, mjomba akahama bila kumuaga. Hakuna pushapu inayotibu hayo. Ukiwa kwao uliza mambo matatu: anakula wapi jioni, analala wapi kwa kweli, na shule iliishia darasa gani na kwa nini. Usiulize kwa sauti ya paredi. Kaa kwenye kigoda kama mgeni, ukiletewa ugali na mlenda kula.

Mchakamchaka uwe mfupi, kazi iwe ndefu. Mchukue kwenye kazi ambayo mwisho wake unaonekana: kuzibua mtaro kabla ya mvua za Desemba, kupanga mawe kwenye korongo linalokula njia, au shamba la zabibu kama kuna mkulima anayekuamini. Zabibu nazipenda kwa hili, kwani kutoka kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne hivi, na aliyekata vibaya anaiona kazi yake mwenyewe bila wewe kusema neno. Mkulima amlipe, hata kidogo, na alipwe mkononi mwake, si kupitia kwako. Afande anayeshika hela za vijana ana shida yake nyingine.

Juu ya adhabu, doso, yaani mateso ya kambini, acha. Kuruka kichurachura, kugaragara kwenye tope, kutukanwa mama: kuruta aliyeingia kwa hiari yake anavumilia kwa sababu anajua kuna siku ya kuapishwa. Kijana aliyezoea kupigwa nyumbani na kukimbizwa na watu sokoni hajifunzi kitu, anahesabu tu wewe ni wa ngapi. Badala yake, mpeleke kwa aliyemwibia. Huyu wa betri nilikwenda naye kwa mwenye bodaboda, akaomba radhi mbele ya mke wa mwenye pikipiki (aibu hiyo inatosha, niamini), tukakubaliana atalipa kila Jumamosi kidogokidogo. Mimi nilikuwa nakwenda naye kila Jumamosi. Alipozoea, akaanza kwenda mwenyewe.

Mzazi, wewe nawe una zamu. Hutakiwi kuja kumshusha kwangu kama gunia la mahindi na kuondoka. Awepo mtu wa kumpokea anaporudi, chakula kiwepo, na usimwite mwizi mbele ya wadogo zake. Baba anayeniambia "mpige tu, nimekuruhusu" huwa namjibu kwamba ruhusa hiyo siihitaji, nahitaji yeye aje asubuhi mara moja kwa wiki asimame pembeni. Wachache huja. Watoto wa hao wachache ndio ninaowashikilia kwa urahisi.

Baada ya miezi michache tafuta pa kumpeleka, maana uwanjani si mahali pa kuishi. Anayeweza kurudi shule arudi. Mwingine mwombee nafasi chuo cha ufundi cha VETA, au kwa fundi gereji, kinyozi, fundi wa aluminiamu. Mji unajengwa, kazi za mikono zipo. Ongea na fundi mwenyewe, mweleze ukweli wa kijana, kisha upite kila baada ya siku kadhaa. Kwa mwaka mzima wa kwanza usimtoe kwenye orodha yako.

Akikamatwa tena, na baadhi yao hukamatwa, nenda kituoni na mzazi siku hiyohiyo. Uliza dawati la jinsia na watoto, hakikisha hajawekwa na watu wazima, andika tarehe ya mahakama kwenye simu yako na mpigie afisa ustawi wa jamii kabla ya siku hiyo. Usimfute jina. Akipata dhamana jioni, mwambie kesho ni saa kumi na mbili.