Plasebo si "dawa bandia"
Ukiandika fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa, tafadhali usiite plasebo "dawa bandia". Kwa mtu wa kawaida, dawa bandia ni ile feki inayokamatwa madukani, atadhani anahujumiwa. Andika "kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani". Mweleze mshiriki pia kwamba kompyuta ndiyo hupanga nani apate kipi na, utafiti ukiwa wa upofu wa pande mbili, si yeye tu, hata daktari wake hatajua anapata kipi. Hilo huwashtua wengi, lieleze taratibu. Kwa Tanzania, maadili ya utafiti hupitiwa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na kibali cha jaribio la dawa hutolewa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu, iweke ukurasa wa kwanza.