SOMO: Kubadilisha bushi za treilingi ami za nyuma, BMW M3 na 330Ci (E46)

Uko kwenye kona ndefu, mwendo kama 80, unaachia mafuta. Mkia wa gari unahama kidogo, halafu unarudi. Ukikanyaga tena, unahama upande wa pili. Ukipita kwenye rasta unasikia kama ekseli ya nyuma inatembea peke yake, haiko pamoja na gari. Wenye E46 (kizazi cha BMW 3 Series chenye M3 na 330Ci hizi) wakifika gereji na hadithi hii, jibu la haraka huwa "shokapu zimekwisha". Zinanunuliwa shokapu mbili, zinafungwa, na mkia unaendelea kuyumba.

Kwa gari hili, anza na bushi za treilingi ami, yaani ule mkono wa chuma unaounganisha tairi la nyuma na bodi. Ni mbili tu, moja kila upande, zipo mbele kidogo ya tairi la nyuma, mahali ami inapojishika na bodi. Ndizo zinazolishikilia tairi lisiende mbele wala nyuma unapokanyaga mafuta au breki. Kwenye M3 yenye farasi 343 kipande kile cha mpira kinabeba kazi kubwa mno. Na E46 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2006, kwa hiyo kama bushi zako hazijawahi kuguswa, huo mpira umeshazeeka hata kama gari limelala kwenye banda miaka yote. Mpira unakufa kwa joto, hewa na mafuta, si kwa kilometa peke yake.

Jambo moja lielewe kabla hujashika spana, maana somo zima linasimama juu yake. Bushi hii ni kikombe cha chuma kwa nje, bomba la chuma kwa ndani, na katikati mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Mpira hauzunguki juu ya lile bomba. Ami ikipanda na kushuka, mpira unajisokota kisha unarudi. Ukikaza bolti ya katikati wakati ami inaning'inia, umeufundisha mpira kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Gari likishuka chini, mpira unakaa umesokotwa saa 24, hata likiwa limeegeshwa. Bushi mpya ya Ujerumani inachanika mapema, na watu wanasema wameuziwa feki.

KUHAKIKISHA NI BUSHI

Pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani, kisha rudi. Kama ndani limeliwa kuliko nje, au kingo za kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) zinakukwaruza ukienda upande mmoja na kuteleza ukirudi, tairi halikanyagi sawa. Halafu nyanyua gari, ingiza nondo kati ya ami na braketi (kile kishikio kinachofunga ami kwenye bodi), sukuma taratibu. Bushi nzima inasogea kidogo na kurudi kwa ukakamavu. Bushi iliyokufa inasogea bila ubishi, na ukimulika tochi utaona ufa wa mwezi mchanga pembeni mwa bomba, mara nyingi na vumbi jeusi la mpira limeganda hapo. Usidanganywe na bushi inayoonekana nzuri kwa nje, kwa sababu nyingine huachia ndani kwanza.

Kugonga "ko ko ko" nyuma ya siti kwenye mashimo madogo ni kitu kingine. Hapo kagua maunti ya juu ya shokapu, ni ugonjwa wa kawaida wa E46.

VITU VYA KUANDAA

Bushi mbili. Mimi nanunua Lemförder, kampuni ya kundi la ZF. Ongeza ringi za plastiki za kuzuia bushi isisogee pembeni, zinauzwa kwa ajili ya kazi hii hii, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na faida. Nunua na bolti na nati mpya za katikati.

Vifaa: jeki mbili, stendi mbili, kabari, soketi (16, 17 na 18 ziwe karibu), nondo ndefu ya kulegezea, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm), brashi ya waya, msasa laini, futi, peni ya rangi, na kifaa cha kuvutia bushi, yaani ule msumari mrefu wenye nyuzi na vikombe vyake. Kama huna, azima. Nyundo haifanyi kazi ya kifaa hiki.

HATUA YA 1. Pima gari likiwa chini

Gari liwe juu ya sakafu iliyonyooka, halina mizigo. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha tairi) hadi ukingo wa fenda juu ya tairi la nyuma, wima. Andika kulia na kushoto. Usiruke hatua hii kwa sababu yoyote.

HATUA YA 2. Nyanyua

Weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Legeza bolti za rimu, nyanyua nyuma, weka stendi, ng'oa matairi. Ukishahakikisha gari limetulia, achia hendibreki, kwa sababu nyaya zake zinapita kwenye ami na zitavutwa ami ikishuka. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

HATUA YA 3. Legeza vinavyovutwa

Toa waya wa ABS kwenye vishikizo vyake, na upande wa kulia waya wa kuonyesha pedi zimeisha. Fungua kibano kinachoshika paipu ya breki karibu na ami ili mpira wa breki upate nafasi. Hakuna haja ya kufungua breki yenyewe wala kumwaga mafuta yake.

HATUA YA 4. Piga alama

Hapa ndipo kazi ilipo. Weka jeki chini ya ami, upande wa habu, pandisha polepole mpaka kipimo cha habu hadi fenda kifanane na ulichoandika. Angalia stendi zisiachie wakati unapandisha. Ami sasa imekaa kama gari likiwa barabarani. Chora mstari mmoja mnyoofu unaoanzia kwenye ami na kuendelea hadi kwenye braketi. Uchore kwa chuma chenye ncha, kisha upake rangi juu yake, maana rangi peke yake itafutika ukianza kusafisha.

Halafu zungushia braketi yote alama pale inapokutana na bodi. Matundu ya bolti za braketi ni marefu kwa makusudi: kuisogeza braketi ndiko kunakorekebisha mwelekeo wa tairi la nyuma. Ukiirudisha ovyo, gari litatembea kimshazari.

Watu wanauliza kwa nini tusikaze bolti ya katikati mwishoni, gari likiwa chini, kama magari mengine. Kwa sababu braketi ikishafungwa kwenye bodi, ile bolti haifikiki. Inakazwa nje, kabla. Ndiyo maana mstari huu ni wa lazima.

HATUA YA 5. Shusha ami

Shusha jeki taratibu mpaka springi imalize kujinyoosha. Fungua bolti 3 za braketi, vuta mbele ya ami ishuke, weka kipande cha mbao kati ya ami na bodi kiishikilie. Kama nafasi haitoshi, fungua bolti ya chini ya shokapu huku jeki ikiwa bado chini ya ami. Sasa fungua bolti ya katikati, braketi inatoka.

HATUA YA 6. Toa bushi ya zamani

Kwanza piga picha. Pima imetokeza kiasi gani kila upande, na kama ina alama au mapengo kwenye mpira, andika yanaelekea wapi. Kisha ivute kwa kifaa. Ikikataa kabisa, toa mpira, ingiza msumeno wa chuma, kata kikombe kutoka ndani kwenda nje, acha unene mdogo tu, kisha kikunje kwa tindo. Kata kidogo, angalia, kata tena. Mkwaruzo wa msumeno kwenye tundu la ami hauna dawa.

HATUA YA 7. Ingiza mpya

Safisha tundu kwa brashi na msasa laini mpaka kidole kipite bila kukwama. Paka maji ya sabuni. Usipake grisi wala oili ya injini, mafuta yanauvimbisha mpira. Panga bushi ikae kama ya zamani, anza kuvuta, na baada ya nyuzi chache simama uangalie imenyooka. Ikianza kuingia upande, irudishe uanze upya.

HATUA YA 8. Funga

Weka ringi za plastiki pande zote mbili, rudisha braketi, bolti na nati mpya. Linganisha mstari wa ami na wa braketi, vikutane kabisa, ndipo ukaze kwa 110 Nm. Pandisha ami, rudisha braketi ndani ya alama ulizochora kwenye bodi, kaza bolti 3 kwa 77 Nm. Rudisha kibano cha breki na nyaya. Fanya upande wa pili. Hizi hazibadilishwi moja moja. Bolti za rimu 120 Nm.

Kabla hujafunga matairi, chukua tochi uangalie chuma cha sakafu kinachozunguka maunti za sabufremu, yaani pale fremu inayobeba ekseli ya nyuma inapojishika na bodi. E46 inajulikana kupasuka hapo, hasa M3 na zile zenye injini kubwa. Ufa mdogo unaanza kama mstari wa kutu kwenye rangi. Ukiuona, kazi yako ya bushi imekuokolea gari.

Baada ya hapo endesha siku chache, kisha peleka kwenye alaimenti, kupima na kurekebisha mwelekeo wa matairi.

MASWALI YA WANACHAMA

Arusha: Mkuu, asante kwa darasa. Fundi wangu anachoma bushi kwa gesi, dakika kumi imetoka. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, mkubwa. Tanki la mafuta la E46 liko chini ya siti ya nyuma, jirani kabisa na hapo anapowasha moto. Kuna mpira wa breki, kuna waya wa ABS, na moshi wa mpira ule ni sumu. Mwombe atumie kifaa cha kuvutia. Akigoma, tafuta fundi mwingine.

Muscat: Asalaam aleykum ndugu yangu. Nina M3 kabrioleti huku, joto unalijua. Nimeshauriwa nitie poliurethani, ile plastiki ngumu, badala ya mpira. Unasemaje?

Jibu: Waaleykum salaam. Kwa bushi nyingine za gari hilo sina ugomvi na poliurethani, lakini kwa hii sikushauri. Treilingi ami haipandi na kushuka tu. Nyuma yake imeshikwa na ami mbili zinazokatiza gari kwa upana, kwa hiyo tairi likipanda, ami inajipinda pia. Mpira unaukubali mpindo huo. Poliurethani inabana, inapiga kelele, inadai grisi, na ule ubishi wake unaishia kwenye braketi na bodi. Tia mpira na zile ringi. Ukipeleka gari kwenye mashindano, kuna bushi za chuma zenye tufe la chuma ndani, lakini kwa barabara ya kila siku utasikia kila kokoto.

Nairobi: Kaka, nimepata ami nzima ya gari lililokatwa, bushi ziko ndani, bei nzuri. Si nifunge tu hivyo hivyo?

Jibu: Ami chukua kama yako imepinda. Bushi zilizomo usizihesabu. Kenya hamruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia, kwa hiyo hata E46 changa kabisa huko imeshakaa zaidi ya miaka kumi. Mpira wa gari lililokatwa ni mzee kama wako. Ukifunga bila kubadilisha, utarudia kazi yote.

Mombasa: Bolti za braketi zimeshika kutu, naogopa kukata. Nifanyeje?

Jibu: Unaogopa kwa haki, kwa sababu zinaingia kwenye nyuzi zilizo ndani ya bodi, na zikiharibika hakuna nati ya kununua. Safisha kichwa kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Kisha legeza robo, kaza kidogo, legeza tena. Ukisikia imekuwa nzito ghafla, rudi nyuma uongeze mafuta. Wakati wa kurudisha, pitisha bolti kwa mkono kwanza hadi mwisho, ndipo ushike spana.

Dodoma: Fundi, mimi nina Mercedes SL R129. Je, somo hili linanihusu?

Jibu: Kanuni ya mpira ni ile ile, kazi ni tofauti. Nyuma ya R129 kila tairi lina ami tano, na bolti zake unazifikia gari likiwa limebeba uzito wake. Kwa hiyo funga zote kwa kulegea, shusha gari juu ya matairi kwenye rampu au shimo la gereji, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Za mbele, kwenye ami ya chini, usiziguse bila kifaa cha kubana springi. Ile springi ina nguvu ya kuua mtu.

Dar: Nimemaliza wikiendi hii, mkia umetulia kabisa, Mungu akubariki. Ila usukani sasa umekaa upande nikienda moja kwa moja, na wa alaimenti anataka kurekebisha mbele tu.

Jibu: Mwambie aanze nyuma. Matairi ya nyuma yakielekea pembeni kidogo, dereva analazimika kushika usukani upande ili gari linyooke, na akirekebisha mbele peke yake usukani utanyooka huku gari bado linatembea kimshazari. Alegeze zile bolti 3 za braketi, asogeze, asome mashine, akaze kwa 77 Nm. Bolti ya katikati asiiguse kabisa. Nyuma ikishakubali, ahamie mbele.