Kupima upana wa jeti ya nyota inayokufa kwa kompyuta yako na data za Swift

Masika yakishakolea Arusha na Moshi, darubini hukaa kwenye boksi. Kazi hii haiguswi na mawingu. Eksirei za angani hazifiki ardhini hata siku ya anga safi, kwa hiyo vipimo vilichukuliwa na setilaiti Swift, iliyorushwa Novemba 2004, na vimewekwa wazi kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Faili la mlipuko mmoja ni dogo, halitamaliza bando. Kwenye kompyuta weka Python pamoja na numpy, scipy, matplotlib na astropy.

Kwanza, tunapima nini? Nyota nzito iliyokwisha kupoteza tabaka lake la hidrojeni inapoishiwa nishati, kiini chake huporomoka na, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, huwa shimo jeusi. Gesi inayolizunguka huendesha jeti mbili, yaani mikondo myembamba ya mata, zinazotoboa nyota na kutoka kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Jeti moja ikituelekea, tunaona mlipuko wa miale ya gama. Baadaye jeti hugonga gesi ya jirani na kutoa mng'ao wa eksirei unaofifia kwa siku au wiki kadhaa. Huo mng'ao ndio wetu.

Mwanzoni kasi ni kubwa mno, mwanga hubanwa mbele, na sisi huona kipande kidogo tu cha uso wa jeti. Ni kama kutazama Kibo kupitia tundu la wingu: unaona theluji, hujui mlima unaishia wapi. Jeti inavyopunguza mwendo tundu hupanuka, mpaka kingo zionekane. Kuanzia hapo hakuna eneo jipya la kuongezea mwanga, na mng'ao huporomoka kwa kasi zaidi. Kwenye grafu hiyo ni kona, na wakati wa kona ndio unaotupa upana.

Hatua ya 1: Chagua mlipuko

Chagua wenye mhamo mwekundu (z, yaani jinsi mwanga ulivyonyooshwa na upanukaji wa ulimwengu) unaojulikana, uliofuatiliwa siku kumi au zaidi. Muda wa zaidi ya sekunde 2 kwa kawaida humaanisha nyota nzito, lakini usiuamini peke yake: GRB 211211A (GRB ni kifupi cha mlipuko wa miale ya gama, tarakimu ni tarehe yake) ilidumu kama sekunde 50, na bado dalili zake zilikuwa za nyota za nutroni, mabaki mazito ya nyota zilizokufa, kugongana. Ni salama zaidi kuchukua ule ulioonekana na supanova yake, yaani mng'ao wa nyota yenyewe ikilipuka. Kwa kuanzia, GRB 050525A inafaa: z ni 0.606 na supanova ni SN 2005nc.

Hatua ya 2: Pakua na usome faili

Chukua data za mmiminiko wa nishati kati ya keV 0.3 na 10 (keV ni kipimo cha nishati ya fotoni), si idadi ghafi ya fotoni. Faili ni la aina ya qdp, na astropy hulisoma kwa `format='ascii.qdp'`. Ndani yake mna majedwali zaidi ya moja: WT na PC ni namna mbili za kamera ya Swift kurekodi. WT ni ya wakati chanzo kinang'aa sana, PC ni ya baadaye. Soma kila moja kwa `table_id` yake kisha uyaunganishe. Ukisoma la kwanza tu utabaki na dakika za mwanzo. Mistari yenye kosa la sifuri ni vikomo vya juu, si vipimo. Iondoe, la sivyo programu itagawa kwa sifuri.

Angalia pia sekunde ya sifuri ni ya nani. GRB 221009A iligunduliwa na Fermi, setilaiti nyingine ya miale ya gama, saa 13:16:59 UTC, yaani saa 10 na dakika 16 jioni kwa saa zetu. Swift ilikuja kuinasa saa 14:10:17 UTC. Faili likihesabu kutoka kwa Swift, ongeza sekunde 3,197 au 3,198. Siku ya kumi tofauti hiyo haina uzito, lakini saa za mwanzo inapindisha mteremko wote.

Hatua ya 3: Kata mwanzo

Chora kwa skeli ya logi pande zote mbili. Mara nyingi utaona mporomoko mkali, halafu mstari wa karibu tambarare, kisha mteremko wa kawaida wa kama 1.2. Tupa sehemu mbili za kwanza pamoja na vilima vya ghafla. Usikate kwa mazoea, lakini: kona ya GRB 050525A iko mapema, saa chache tu baada ya mlipuko. Anayekata kila faili kwenye sekunde 20,000 anaitupa bila kujua.

Hatua ya 4: Linganisha mistari miwili

Wa kwanza ni mteremko mmoja. Wa pili una kona:

F = N × [(t/tk)^(s·α1) + (t/tk)^(s·α2)]^(−1/s)

F ni mmiminiko, t ni muda tangu mlipuko, tk ni wakati wa kona, α1 na α2 ni miteremko kabla na baada yake, N ni kimo cha mstari, na s ni ukali wa kona. Weka s = 3 na usiiachie huru. Fanya ulinganishi kwenye log10 ya F. Kosa la kila nukta ni 0.434 × kosa ÷ F. Mpe `curve_fit`, kilinganishi cha scipy, makadirio ya kuanzia: α1 = 1.2, α2 = 2.2, na log10 ya tk katikati ya data. Usipompa, ataanza na 1 kila mahali na kupotea. Mstari wa kona una vigezo viwili zaidi, kwa hiyo khai mraba (kipimo cha jinsi mstari ulivyo mbali na nukta) ikishuka kwa 4 tu hujapata kitu. Mimi sikubali chini ya 10.

Hatua ya 5: Ihoji kona

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kosa la kawaida ni kuchukua mwisho wa ule mstari tambarare, pale mteremko unapotoka 0.5 kwenda 1.2, na kuuita kona ya jeti. Utapata jeti nyembamba kama sindano, na itakuwa uongo.

Chukua faharisi ya fotoni ya mng'ao kutoka tovuti ileile na utoe 1. Hiyo ni β, kipimo cha jinsi mng'ao unavyopungua kadiri nishati ya fotoni inavyopanda. Kabla ya kona, kwenye gesi yenye msongamano sawa, α1 iwe karibu na (3β−1)/2 au 3β/2. Kwa β = 1.1 hizo ni 1.15 na 1.65. Baada ya kona, α2 iwe 2 au zaidi. β isibadilike: ikiongezeka kwa 0.5 huku mteremko ukiongezeka kwa 0.25 tu, hiyo si jeti, ni elektroni kupoa.

Kama kuna data za mwanga wa kawaida, kona ionekane humo wakati uleule. Usizifuate mbali sana, kwani wiki moja au mbili baadaye supanova hupanda na kufunika mng'ao.

Hatua ya 6: Piga hesabu

θ = 0.057 × (tk/siku 1)^(3/8) × ((1+z)/2)^(−3/8) × (E/10^53)^(−1/8) × (η/0.2)^(1/8) × (n/0.1)^(1/8)

θ ni radiani, kutoka katikati ya jeti hadi ukingoni. E ni nishati ya gama kwa erg (kipimo cha nishati) ikidhaniwa imetoka pande zote. Alama η ni ufanisi wa kugeuza nishati ya jeti kuwa miale ya gama. Herufi ndogo n (si N ya Hatua ya 4) ni chembe za gesi ya jirani kwa sentimita ya ujazo. Ukipata radiani 3 au 4, umesahau kugawa sekunde kwa 86,400.

Jaribu kanuni kwa GRB 990510: tk siku 1.2, z 1.619, E 2×10^53. Ukiacha η na n kwenye 0.2 na 0.1, lazima upate kama 0.051, yaani nyuzi 2.9. Zidisha E kwa (1 − cos θ), nishati inashuka hadi kama 2.6×10^50. Kwa jeti ya upana huo, kila mlipuko mmoja tunaouona una wenzake kama 780 walioelekea kwingine.

Thamani ya n hubahatishwa mara nyingi. Ukiikosea mara kumi, θ inabadilika kwa theluthi moja tu. Ukikosea tk mara mbili, athari ni karibu ileile, kwa hiyo muda wako uutumie kwenye tk.

Kona isipopatikana, usiilazimishe. Eksirei za GRB 130427A zilifuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili na mstari ukabaki mmoja. Katika hali hiyo weka muda wa kipimo cha mwisho mahali pa tk, na jibu uliandike "θ si chini ya".