Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwona Daktari kwa Meno Yanayolika kwa Asidi

Meno yanayolika kwa asidi kwa kawaida hayaumi mwanzoni, na kwa sababu hiyo wengi hufika kwa daktari wakati enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, imekwisha kupungua kwa kiasi ambacho mwili hauwezi kukirudisha. Daktari anaweza kuziba au kufunika palipolika, lakini kujua asidi inatoka wapi kunamhitaji mgonjwa mwenyewe. Kazi hiyo inafaa ianze siku kadhaa kabla ya miadi, kwa maana jino likizibwa huku chanzo kikiendelea, litazidi kulika kandokando ya kizibo. Mwenye maumivu yanayomnyima usingizi asingoje maandalizi haya. Aende mara moja.

Tatizo hili si kuoza kwa meno. Jino linalooza hushambuliwa na asidi inayotengenezwa na bakteria wanaotumia sukari, ilhali hapa asidi hulifikia jino moja kwa moja kutoka kwenye kinywaji, chakula au tumbo. Ndiyo maana soda isiyo na sukari si kinga: enameli huanza kuyeyuka pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi huwa kali zaidi, ikiwa chini ya takriban 5.5, na soda nyingi, zenye sukari na zisizo nayo, zina pH ya kati ya 2.5 na 3.5.

Kwa siku tatu au nne, mojawapo ikiwa ya mapumziko, andika kila unachokula na kunywa pamoja na saa. Saa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Glasi inayonywewa mara moja wakati wa chakula haidhuru sawa na chupa inayonywewa funda moja moja kutwa nzima, kwa kuwa mate ndiyo yanayoipunguza makali asidi, nayo huhitaji muda ambao mnywaji huyo hayapi kamwe. Usiache kuandika vidonge vya vitamini C vya kutafuna, vinywaji vya wanamichezo, wala maji ya limau ya asubuhi, ambayo husahaulika sana, pengine kwa sababu watu huyahesabu kuwa dawa.

Kisha fikiria tumbo. Asidi yake, yenye pH ya kati ya 1 na 2, ni kali kuliko karibu kila kinywaji. Kiungulia cha mara kwa mara, kucheua usiku, ladha kali mdomoni unapoamka, kutapika wakati wa ujauzito au kujitapisha ni mambo ya kumweleza daktari hata kama yanatia haya, kwa sababu ulikaji ulioegemea upande wa ndani wa meno ya mbele ya juu utamfanya ayashuku kabla hujafungua kinywa kuyasema. Chukua pia orodha ya dawa unazotumia, maana baadhi yake, zikiwemo za mzio na za sonona, hukausha mate. Ila usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako.

Jitazame kwenye kioo chenye mwanga mzuri. Dalili ni uso wa jino uliolainika na kung'aa kupita kawaida, ncha za meno ya mbele zinazopitisha mwanga, umanjano wa dentini, yaani tabaka la ndani la jino, inayojitokeza chini ya enameli, vishimo juu ya magego, na vizibo vya zamani vilivyobaki juu kuliko jino lililovizunguka. Ganzi unapokunywa kitu baridi nayo iandikwe, pamoja na jino lenyewe.

Wakati unasubiri miadi, usipige mswaki mara tu baada ya kitu kichachu au kutapika, kwani enameli huwa imelainika na mswaki huikwangua; sukutua kwa maji, ungoje kati ya dakika 30 na saa moja. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, na uepuke dawa za kung'arisha zenye chenga. Vinywaji vichachu visinywewe karibu na kulala, kwa kuwa mate hupungua sana usingizini.

Siku ya miadi, omba meno yapigwe picha au yachukuliwe umbo lake, ili ziara ijayo daktari aweze kulinganisha na kujua kama ulikaji umesimama.