Handaki la upepo kwa mwanafunzi wa kuruka na parachuti: anza na miguu

Ukiruka kutoka mita 4,000 unapata takriban sekunde 60 za kuanguka kabla ya kufungua parachuti. Mwanafunzi hufungua mapema, hivyo hupata pungufu ya hapo. Ndiyo maana dakika 10 za handaki la upepo, yaani chumba ambamo upepo mkali wa kutoka chini unakuinua uelee kama unaanguka angani, zinazidi miruko 10 kwa muda wa mazoezi. Ila faida kubwa zaidi ni ukuta. Angani huna kitu jirani cha kujipimia, unaweza kuteleza kinyumenyume tangu mwanzo hadi mwisho na usijue. Humu ukisogea nusu mita tu unajiona.

Lipia dakika 15 hadi 20 kwa siku, kwa zamu za dakika 2 au chini kidogo. Nusu saa siku ya kwanza ni kupoteza hela: mabega yakichoka mwili unakakamaa, na upepo unamrusharusha aliyekakamaa. Mweleze mwalimu kwamba unasomea kuruka na umefika hatua gani, maana mteja wa burudani hufundishwa mambo mengine. Bega lililowahi kuteguka litaje kabla hujavaa ovaroli. Vua pete na mkufu, vaa viatu vya kamba, ziba masikio.

Ndani hamsikilizani, kwa hiyo kariri ishara. Vidole viwili vilivyonyooshwa: nyoosha miguu. Vilivyokunjwa: kunja miguu. Kidole kikielekeza kidevuni: inua kidevu. Kidole gumba na cha mwisho vikitikiswa: legea. Hiyo ya mwisho utaionyeshwa mara nyingi.

Mlangoni usiruke, jilaze tu mbele juu ya upepo. Nyonga zisukumwe chini, kidevu juu, viwiko usawa wa mabega na vikunjwe nyuzi 90, magoti nyuzi 45 hivi, vidole vya miguu vichongoke. Pumua. Macho yawe kwa mwalimu. Ukitazama wavu ulio chini yako, kichwa kinainama, upinde wa mgongo unapotea na mwili unaanza kuyumba.

Sasa miguu, ambako kasoro nyingi zinaanzia. Ukirudi nyuma bila kutaka, aghalabu umevuta visigino kuelekea matakoni na miundi haipati upepo. Nyoosha polepole mpaka uhisi upepo ukiisukuma. Ukienda mbele na kugonga ukuta wa kioo, umezidisha. Fanya hivi: nyoosha miguu kidogo, subiri usogee mbele, kisha irudishe nusu ya ulivyonyoosha ili usimame. Rudia hadi usimame pale unapotaka. Ukizunguka wakati hukukusudia, usikimbilie kurekebisha mikono. Kagua kwanza kama goti moja limeshuka au mguu mmoja umekunjwa kuliko mwenzake. Mikono inasingiziwa sana.

Kugeuka kuje baadaye. Chagua alama ukutani, shusha kidogo mkono na kiwiko cha upande unaokwenda, na kabla hujafika kwenye alama shusha upande wa pili kidogo ili usimame. Anza na nyuzi 90, kisha 180, kisha 360. Kuanza kugeuka ni rahisi. Zoezi lenyewe ni kusimama palepale ulipochagua.

Zamu moja iwe ya kuigiza kufungua parachuti. Mkono wa kulia ufuate kishikio chini ya mkoba wa parachuti, upande wa kulia wa nyonga, na wa kushoto uende juu ya kichwa kwa wakati uleule. Ukipeleka wa kulia peke yake, upepo unakosa uwiano nawe unapinduka au kugeuka. Kichwa kisifuate mkono. Kumbuka humu mgongoni huna mkoba, kwa hiyo siku ya kuruka uzito utakuwa tofauti.

Kuna tabia mbaya inayozaliwa humu: kusahau urefu uliobaki, kwa kuwa hapa ardhi haikaribii. Hata kama huna altimeta, yaani kipima urefu kinachovaliwa mkononi, tazama kifundo cha mkono wa kushoto kila baada ya sekunde 5 na baada ya kila zoezi. Kutoka kwenye ndege na kuongoza parachuti havifundishiki hapa; hayo yabaki kwa mwalimu wako wa kuruka.

Omba video na uitazame kati ya zamu, si nyumbani. Isimamishe pale unapoanza kuteleza, na uangalie magoti kabla ya kitu kingine.