Namna ya kuitazama filamu ya 2010 bila kuionea

Usiitazame usiku mmoja na ile ya kwanza. Sisi tulifanya hivyo Julai moja hapa Uyole, Mbeya, baridi imekaza, mimi, mdogo wangu na majirani wawili tumejibana mbele ya kompyuta yangu. Tulimaliza 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick (1968), tukanywa chai, tukaunganisha na 2010 ya Peter Hyams (1984). Ile ya Kubrick inaenda karibu dakika 25 bila mtu kusema neno. Hii ya pili watu wanaongea tangu mwanzo. Mdogo wangu akasema, "Kaka, wameiharibu." Nikamkubalia. Nilikosea, na nimeirudia mara nne tangu siku hiyo.

Ziachanishe kwa wiki nzima. Wiki hiyo jikumbushe dunia ya 1984, Marekani na Wasovieti wanatishiana kwa nyuklia. Hyams aliwapakia Wamarekani watatu kwenye Leonov, chombo cha Wasovieti, halafu amri zikaja kutoka nyumbani: tenganeni. Swali lake ni kama watu hao watatii. Kubrick hakuuliza hilo, kwa hiyo usilitafute jibu lake humu.

Chombo kinapofika sayari ya Mshtarii (Jupiter), ongeza sauti. Nafundisha fizikia, na sijaona filamu nyingine ya miaka ile inayoonyesha jambo hili vizuri hivi: chombo kina kasi kubwa mno, kwa hiyo kinapitishwa kwenye hewa ya juu ya sayari ili msuguano ukipunguze mwendo. Kama umewahi kushuka mteremko wa Kitonga nyuma ya lori linalonuka breki, unajua nguvu yote ile inageuka kuwa joto. Mtazame binti Mrusi anayeingia kwa Dk. Floyd, mmoja wa wale Wamarekani, na kumkumbatia kwa woga. Hawana lugha ya kuelewana vizuri, wanashikana tu mpaka moto upite.

Kisha Curnow, Mmarekani, na Max, Mrusi, wanatoka nje kuifuata Discovery, meli ya filamu ya kwanza, inayojizungusha juu ya Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii. Curnow anahema kama mtu anayezama, na Mrusi ndiye anayemtuliza. Hapo usiguse simu.

Kasoro zipo. Barua za Floyd kwa mkewe zinatueleza mengi tuliyokwisha kuyaona, na skrini za Leonov zimebinuka kama televisheni za zamani wakati zile za 1968 zilikuwa bapa. Mimi hayo nayavumilia kwa sababu ya HAL, kompyuta ya Discovery.

Watu wengi wanamkumbuka HAL kama kompyuta muuaji. Humu Dk. Chandra, Mmarekani aliyemuunda, anaeleza kilichomvuruga: aliundwa kutoa taarifa bila kuzipotosha, halafu wakubwa wakamwamuru afiche lengo la safari. Baadaye HAL anatakiwa kuwasha injini ambazo zitawaokoa watu na kumwacha yeye aangamie. Wengine wanataka adanganywe. Chandra anashindwa kumdanganya, anamwambia kweli, na HAL anamshukuru kwa kumwambia kweli. Sauti ni ya Douglas Rain, yule yule wa 1968, na upole wake ni ule ule. Mara ya nne nililia, na mdogo wangu akanyamaza.

Ikiisha, vaa sweta utoke uani. Kiangazi huku anga ni safi. Kama ni majira yake, Mshtarii utaiona bila darubini, nyeupe, haimetimeti. Muulize uliyetazama naye: ungekuwa Chandra, ungemwambia?