Sukari ya damu inapanda? Tuanze na ile bugali: namna ya kula kwa mtu wa Bukavu

Kwanza hii, na tafazali usiiruke. Kama unakunywaka dawa ya sukari, zaidi sana glibenklamidi, ao unajipigaka insulini, usikate bugali leo magaribi halafu ukachukua dozi ileile ya jana. Dozi ile munganga aliipima na chakula ulikuwa unakula, sasa chakula kikipungua na dawa ikabaki vile, sukari inaanguka chini ya 70 (namba zote hapa ni mg/dl) na hapo njo kutetemeka, jasho ya baridi, kichwa kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Enda umuambie wazi "docta, nataka kupunguza wanga", yeye njo atapunguza dozi. Metformini peke yake haiangushaka sukari vile lakini muambie tu. Na ukisikia dalili zile, kunywa vijiko 3 ao 4 vya chai vya sukari mu maji, ngoja dakika 15, pima tena. Mama mwenye mimba, mwenye figo zenye shida, na wale wa aina ya 1 ambao mwili hautengenezi insulini, wasijaribu hii bila munganga.

Tuje sasa ku sahani. Batu mingi wanaacha sukari mu chai, wanajivunia, halafu glisemi, ni kusema sukari ya damu, ya asubuhi inabaki 240 na wanasema ni kurogwa. Hapana ndugu yangu, ni bugali. Unga wa mihogo ni wanga karibu yote, mu gramu 100 za unga mukavu zaidi ya 80 ni wanga, protini karibu hakuna, na wanga ile ikishuka tumboni inageuka glukozi, sukari tu. Mahindi iko na nafuu kidogo, siyo ya kukuokoa. Muchele, viazi, bitoke, mikate, mandazi ya asubuhi, vyote viko njia moja.

Kwa hiyo geuza sahani. Sisi tunawekaka mulima wa bugali na mboga kidogo ya kuchovyea. Wewe fanya mboga ikuwe nusu ya sahani, lengalenga, matembele, shu, bilinganya, sombe. Robo ingine samaki, nyama ao mayai. Bugali ikuwe kama ngumi yako moja, siyo zaidi, na kisha wiki kazaa ipunguze tena. Halafu kula mboga na samaki kwanza, bugali mwisho kabisa. Wanga ikikuta mboga na protini ziko tayari tumboni inaingia mu damu polepole, na mwenye kuanza hivyo mara mingi anashiba mbele ngumi haijaisha.

Sombe ni rafiki yako lakini ipikwe vizuri: majani yatwangwe mpaka yalainike, yachemke muda murefu bila kifuniko, kwa sababu majani ya muhogo yako na sumu inayotoka na moto na mvuke. Weka bilinganya, pilipili mboga, kitunguu, ndagala, mawese kijiko kimoja ao viwili siyo mafuta ya kuogelea. Sambaza, samaki ndogo zile, zikaange bila kuzipitisha mu unga, ao zitengeneze na nyanya. Asubuhi, pahali pa mukate, kula mayai mbili na nusu ya avoka, ao kipande cha fromaji ya Masisi na karanga za kukaanga. Hakuna chakula cha kuagiza Ulaya hapa, vyote viko mu masoko ya Kadutu na Nyawera. Maharagi siyo adui, yanapandisha polepole juu ya nyuzinyuzi, lakini usiyahesabu kama mboga: siku ya maharagi, bugali ibaki mu sufuria.

Vinywaji nitasema haraka. Chupa ya sukre (soda) ya sentilita 33 inabebaka karibu gramu 35 za sukari. Jus ya maracuja yenye sukari, kasiksi (pombe ya ndizi), buyi tamu, vilevile. Ukienda kutembelea bashemeji waambie mapema utakunywa maji ao chai kavu, watazoea.

Sasa namna ya kujua kama inatumika, juu bandeleti za kupimia sukari ni bei na hakuna mwenye kupima mara kumi kwa siku. Chagua chakula kimoja tu. Pima mbele ya kula, pima tena masaa mbili kisha tonge la kwanza, andika mu kaye (daftari) namba zote mbili na kile ulikula. Wengi wenye kisukari wanapewaka lengo la 80 mpaka 130 mbele ya kula na chini ya 180 kisha masaa mbili, ingawa kwa wazee munganga anaweza kulegeza. Kesho yake badilisha kitu kimoja peke, kwa mufano ukubwa wa bugali, pima tena. Mama mukubwa wetu, bitoke njo zilimupandisha kuliko bugali ndogo. Kwa mwengine ni kinyume, kaye njo itakuambia.

Wengine wanasema tule kama babu zetu. Ni neno zuri, lakini muhogo, mahindi na maharagi vilitoka Amerika, na mbele yake babu walikula mutama na ulezi ambazo nazo ni wanga, ila walilima na kutembea siku nzima. Mu 1984 mutafiti Kerin O'Dea alichapisha utafiti wa Waaborijino 10, wenyeji wa asili wa Australia, wenye kisukari waliorudi porini wiki 7 kuwinda na kukusanya chakula: wastani wa sukari yao ya asubuhi ulishuka toka karibu 209 mpaka 119, na walipungua karibu kilo 8. Walikula kidogo na kujitikisa sana, siyo kukata wanga peke yake. Basi na wewe kisha kula usilale, panda kilima chenu dakika 15, Bukavu vilima havikosekane.

Kisha miezi 3 uombe kupimwa hemoglobini glike, inaonyesha wastani wa miezi ile yote. Lakini sukari ikibaki juu ya 250, unakunywa maji bila kushiba, unakojoa kila saa, unakonda ao unatapika, usingoje miezi wala kaye, enda hospitali siku ileile.